Ndevu za Katani

Genoveva alijua kuwa posa yake imekataliwa kabla mtu yeyote hajamwambia. Alijua kwa namna Mzee Kibwana alivyolibeba lile kapu.

Alikuwa amekaa barazani kwao, miguu kwenye cherehani, akishona upindo wa kanzu ya sikukuu, wakati mshenga huyo alipotoka sebuleni kwa baba yake. Kapu lilikuwa limemlemea upande mmoja wa bega. Kwa watu wa pwani ile, Waislamu kwa Wakristo, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Posa ikikubaliwa, kapu la mshenga hurudi na kitu cha kutoka ndani ya nyumba: mchele, nazi, pengine kuku. Posa ikikataliwa, hurudi na kilekile kilicholetwa, bila kuguswa.

Kilicholetwa Jumapili iliyopita kilikuwa jibini. Lilikuwa duara, kubwa kama sinia, limefungwa kitambaa cheupe. Joachim, kijana aliyemposa, alilitengeneza kwa mikono yake tangu mwanzo wa Kwaresima na kuligeuza kila siku kwenye rafu kama mtu anayelea mtoto. Sasa lilikuwa linarudi kwake Kerege, zima kama lilivyokuja.

Mzee Kibwana alipofika kwenye cherehani alipunguza mwendo. Genoveva akamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa upole, kisha akainama kidogo.

"Binti yangu, nimelichukua kapu," alisema. "Lakini kuaga sijaaga."

Akaenda zake. Mshenga asiyeaga ameacha mlango wa kurudi.

Genoveva akaiacha kanzu. Alikumbuka kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuingia sebuleni, kwa sababu alijijua ulimi wake.

Baba yake, Mzee Amedeus, alikuwa katekista wa kijiji kile mpaka alipostaafu. Nusu ya wakazi wa Kwa Mabruda walifundishwa kipaimara naye. Hakuwa mtu mkali. Alipokataa kitu alikataa kwa huzuni, na hiyo ilikuwa ngumu kuishinda kuliko ukali. Genoveva alimkuta amekaa chini ya picha ya Familia Takatifu, ameshika magoti yake yaliyokuwa yakimsumbua tangu mwaka jana.

"Baba, Joachim amekosa nini?"

"Mimi hajanikosea."

"Amemkosea nani, sasa?"

Mzee akasema, "Mwanangu, mtu akishamwahidi Mungu, mimi Amedeus ni nani hata nimfungulie mlango wa kutorokea? Yule kijana ni mtawa. Nimemwona kwa macho yangu."

Genoveva alitaka kucheka, akashindwa, maana baba yake hakuwa na mzaha katika mambo hayo. Akamsikiliza akieleza kwa sauti ya chini kwamba Mzee Kibwana hakuambiwa sababu. Aliambiwa tu kwamba nyumba haijawa tayari. Si vizuri kumwaibisha kijana wa watu mbele ya majirani. Yeye mwenyewe alikuwa amemwombea Joachim kila alfajiri tangu alipogundua, na angeendelea kumwombea arudi kwa wenzake.

"Nitamwombea mpaka nife," alimaliza. "Lakini wewe simpi."

Mdogo wake, Tina, alikuwa jikoni, akijifanya anachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Genoveva alipomwangalia tu, akaanza kulia na kueleza yote kwa pamoja. Alitaka kumsaidia, alisema. Alitaka baba amwone shemeji alivyokuwa Ulaya, ajivune. Akaingia kwenye kurasa za zamani za Joachim mtandaoni, akateremka mpaka miaka ile ya Ufaransa, akakuta picha moja nzuri, akampa baba simu. Baba aliitazama, akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, mkono ukaanza kumtetemeka, akairudisha simu bila neno.

"Nionyeshe."

Ilikuwa picha ya asubuhi yenye ukungu. Nyuma kulikuwa na kanisa la mawe, kubwa kuliko nyumba zote zilizolizunguka. Mbele yake walisimama wanaume katika safu mbili, wamevaa kanzu za kijivu zenye kofia za kushonewa shingoni, kamba viunoni, mishumaa mikononi. Aliyekuwa wa mwisho, mrefu kuliko wote, mweusi kati ya weupe, ameinamisha kichwa kama mtu aliyezama katika sala, alikuwa Joachim wake.

Genoveva akajitumia ile picha, akairudisha simu. Joachim alikwisha kumsimulia habari za kijiji kile mara nyingi. Kinaitwa Valmutie, jina ambalo mama yake Genoveva hakuwahi kulimaliza vizuri hata mara moja. Alimsimulia kuhusu kinu cha maji, kuhusu mji mzima kunukia maziwa na moshi wa kuni, kuhusu mafundi wazee waliomfundisha jibini. Alimwambia kwamba kijiji kilianzishwa na watawa. Habari za kanzu na kamba hakumwambia hata siku moja. Kwa nini alificha hili tu?

Alijaribu kusali fungu moja la rozari chumbani. Kila alipofika "utuombee" aliiona kamba ile kiunoni. Mwisho akamwambia Mama Maria kwamba atamalizia njiani, akachukua mtandio wake na kutoka kutafuta bajaji ya kwenda Kerege.

*

Karakana ya Joachim ilikuwa chumba cha vigae vyeupe nyuma ya nyumba ya Mzee Kibwana, aliyempangisha. Kwa kuwa baba yake Joachim alikwisha kufariki na jamaa zake walikuwa mbali Vigwaza, mzee huyo ndiye aliyejitolea kuwa mshenga. Maziwa yenyewe yalitoka huko Vigwaza kila asubuhi. Wapita njia walioizoea harufu waliisalimia, wageni waliziba pua.

Joachim alikuwa amevaa buti za mpira na aproni, kofia ya wavu kichwani. Alipomwona Genoveva mlangoni aliinuka haraka hata akagonga rafu, akaanza kufuta mikono yake, akaifuta tena ilipokwisha kukauka.

"Kapu limerudi," alisema.

"Nimeliona likitoka."

"Nimekosa nini, Geno?"

Hakumjibu. Alimpa simu. Joachim akaitazama picha ile, uso wake ukafunguka, na kabla hajajizuia akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile kilichompendeza Genoveva siku ya kwanza walipoonana kwenye harusi ya Vicky, jirani yao. Leo kilimchoma.

"Unacheka," alisema. "Baba yangu anakuombea kila alfajiri urudi utawani, na wewe unacheka."

Kicheko kikamwisha Joachim. Akaitazama picha tena, safari hii polepole, kama anayeiona kwa macho ya mzee Mkatoliki wa pwani ambaye kwake vazi lile ni la mtu aliyeapa.

"Mungu wangu," alisema. "Geno, huyu aliye mbele yangu ni fundi bomba. Na huyu mwenye mshumaa mkubwa anaendesha basi la shule. Ana wajukuu."

"Siwaulizii wao. Nakuuliza wewe. Uliapa?"

"Sikuapa."

"Niangalie uniambie."

Akamwangalia. Alikuwa na macho ambayo hayakujua kujificha. Kosa lolote alilofanya lilionekana humo kabla hajalisema.

"Sikuapa, Geno. Hakuna mtawa hata mmoja Valmutie. Wa mwisho alikwisha kuondoka kabla babu yangu hajazaliwa."

Akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akachuchumaa mbele yake na kumsimulia yote aliyoyaruka zamani. Hapo mwanzo, alisema, palikuwa na kinamasi na misitu tu. Wakaja watawa, wakakausha maji, wakajenga abasia, yaani nyumba yao ya kitawa, na kinu, wakafuga ng'ombe. Watu maskini wakaja kujenga pembeni ya ukuta wao, kwa sababu palikuwa na mkate na amani. Miaka ikaenda, watawa wakaisha, watu wakabaki na kanisa kubwa na ufundi wa jibini walioachiwa. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya mtakatifu somo wa kijiji, wanaume huvaa kanzu za watawa na kuzunguka mji mzima kwa mishumaa. Kwanza hupiga magoti kwenye jiwe la kaburi la abate wa kwanza, mkuu wa watawa wale, na kumwombea. Hakuna anayekula chochote mpaka maandamano yafike kanisani.

"Kanzu ile ilikuwa ya mwoka mikate," alisema. "Aliteguka mguu siku mbili kabla. Wakazunguka kijiji wakitafuta mtu mrefu kama yeye, wakanikuta mimi."

"Mbona hukuniambia?"

Joachim aliinamisha kichwa. "Niliona aibu. Wewe ni binti wa katekista. Nilidhani utaniona nimechezea vazi takatifu. Nikasema nitakuambia baadaye, baadaye ikawa leo."

Genoveva alihisi kitu kizito kikimteremka kifuani, kama mzigo unavyotuliwa. Alitaka kumkemea kidogo zaidi, kwa kuwa alikuwa na haki, lakini aliona kofia ile ya wavu imekaa upande na sikio moja limebaki nje, akashindwa.

"Kama unataka kujua," Joachim aliendelea taratibu, "kuna kitu kimoja cha watawa nilichorudi nacho kweli. Kungoja. Jibini linakufundisha kungoja. Nimekungoja wewe tangu siku uliponiuliza kama jibini linaliwa na ugali."

"Hukunijibu."

"Nilikuwa nakutazama. Sikusikia swali mpaka nilipofika nyumbani."

Wakatazamana. Nje Mzee Kibwana alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu mwenye afya njema, kuwakumbusha kwamba yupo. Genoveva akasimama na kutengeneza mtandio wake.

Joachim alisema angeenda mwenyewe jioni ile kumweleza mzee. Genoveva akakataa katakata. Mposaji kubishana na baba mkwe uso kwa uso lingekuwa kosa la pili, na hilo lisingekuwa na dawa. Isitoshe, baba yake angesema kila mtoro hujitetea.

"Utamwambia nini?" Joachim aliuliza.

"Sijui bado. Wewe sali."

"Nisali kama mtawa?"

"Sali kama mtu anayetaka kuoa," alisema Genoveva, akatoka kabla hajamwona akitabasamu.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika Kwa Mabruda, na baba yake alikuwa tayari barazani akimngojea aipime kanzu. Hapo ndipo Mungu alipomjibu, ingawa ilimchukua muda kidogo kuelewa kwamba amejibiwa.

Kijiji chao nacho kilianzishwa na watawa. Bruda Anselmi na mwenzake, Wafaransa wote wawili, walitoka misheni ya Bagamoyo kwa miguu wakiwa na kengele moja na ng'ombe mmoja, wakapiga kambi pale, watu wakaja. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, kijiji kizima hukusanyika kando ya barabara kuu na kumpokea Bruda Anselmi akija na ng'ombe wake. Na Bruda Anselmi, kwa miaka yote Genoveva aliyoweza kukumbuka, alikuwa Mzee Amedeus. Kabla yake alikuwa babu. Nyumba ile haikupata mtoto wa kiume, na mwaka jana magoti yalimwangusha mzee kabla ya kufika kanisani, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza nani atachukua nafasi yake.

Genoveva alimvika kanzu, akaifunga kamba kiunoni. Kisha akazitoa ndevu ndani ya mfuko wake. Zilikuwa za katani, nyeupe, ndefu mpaka kifuani, na yeye ndiye aliyekuwa akizichana na kuzishona upya kila mwaka. Akazifunga nyuma ya masikio ya baba yake. Mama yake alikuwa kwenye mkeka akimenya maharage mabichi, Tina pembeni yake, bado macho mekundu.

Vicky akapita na ndoo kichwani. Alipomwona mzee akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bruda."

"Milele, amina, mwanangu," aliitikia Mzee Amedeus kwa sauti nzito yenye lafudhi ya Kifaransa chake, ambacho hakikuwa Kifaransa cha mtu yeyote mwingine duniani. Vicky akacheka, akaenda zake.

Genoveva alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, akiupima upindo. Akatulia. Kisha akazitoa zile pini moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo wa pini.

"Baba, Bruda Anselmi alikuwa na nadhiri?"

"Zote tatu."

"Na ya useja?"

"Hiyo hasa."

"Basi mimi na Tina tumetoka wapi?"

Punje za maharage zilimponyoka mama yake mkononi. Mzee Amedeus aligeuka, ndevu zikachelewa kidogo kumfuata.

"Unasema nini mbele ya mama yako?"

"Nasema mtu akikupiga picha sasa hivi, akaipeleka Valmutie, huko kuna baba wa watu ataivuta kwa vidole iwe kubwa, mkono umtetemeke. Atasema, huyu bruda wa Afrika ana mke na mabinti wawili. Atakuombea kila alfajiri."

Mama yake alijaribu kujizuia. Alishika kanga mdomoni, mabega yakaanza kucheza, na mwisho akacheka kicheko kilichosikika mpaka kwa jirani. Tina akacheka kwa kuwa mama amecheka. Mzee Amedeus peke yake alibaki amesimama, mkono umeshika ndevu.

Genoveva akamweleza yote, bado amepiga magoti. Hakupamba. Alipofika kwa yule aliye mbele ya Joachim, mzee akamkatiza.

"Fundi bomba?"

"Na mwenye mshumaa mkubwa anaendesha basi la shule. Ana wajukuu."

Mzee akakaa kwenye kiti, taratibu, kwa ajili ya magoti. Genoveva hakumharakisha, maana alijua swali litakalokuja ndilo litakaloamua.

"Niambie hili tu," alisema. "Wanavaa kwa dhihaka, au kwa heshima?"

"Wanaanza kwa kupiga magoti kwenye kaburi la abate wao, wanamwombea. Hawali kitu mpaka wafike kanisani. Joachim aliogopa kuniambia, akidhani nitaona amelichezea vazi takatifu. Aliogopa kama wewe, baba."

Mzee Amedeus alitazama upande wa makaburi ya misheni, ambako yeye naye kila mwaka, kabla ya kuzifunga ndevu zile, humpigia magoti Bruda Anselmi. Akazifungua polepole, akaziweka mapajani, akazilaza kwa kiganja.

"Nimemrudishia mtu jibini lake," alisema.

"Na mimi hata sijalionja," alisema mama. "Wiki nzima linaninukia ndani ya nyumba yangu, ukanikataza."

Mzee akaomba simu. Walimsikia akimsalimia mtu kwa kirefu, akiuliza hali ya nyumba, ya watoto na ya maziwa. Kisha akakohoa.

"Mzee mwenzangu," alisema, "nakukumbusha kwamba leo uliondoka kwangu bila kuaga."

*

Kesho yake, baada ya misa ya pili, Mzee Kibwana alirudi na kapu lilelile na jibini lilelile. Joachim alibaki nje kando ya ua, kama inavyompasa mposaji asiyejua hali yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama karatasi. Genoveva alikuwa kwenye cherehani. Walikuwa mbali kiasi cha kutoweza kusemezana na karibu kiasi cha kutoweza kuacha kutazamana.

Ndani kulisikika visu na sahani. Mama alisikika akiomba kipande kingine. Kisha minong'ono, kisha mlango ukafunguka.

Mzee Kibwana alitoka amelibeba kapu kwa kidole kimoja.

Genoveva akalitazama. Kapu lilikuwa jepesi. Jepesi mno kwa mchele au nazi. Hata aliyekataa harudishi kapu tupu. Aliyerudisha kapu tupu ametukana.

Mshenga akaja mpaka kwenye cherehani, midomo ameibana, akamwita Joachim kwa mkono.

"Wanangu," alisema, "nimekuwa mshenga tangu sijaota mvi. Nimerudishiwa mchele, nimerudishiwa kuku hai, kuna nyumba moja Mbegani walinirudishia pweza. Hili la leo silijui. Tazameni wenyewe."

Joachim akatia mkono ndani ya kapu, akazitoa ndevu za katani.

Alizishika mbele yake bila kuelewa. Kisha akainua macho na kumwona Mzee Amedeus mlangoni, amejishika magoti, akimtazama kwa uso wa mtu anayekabidhi kitu alichopewa na baba yake.

"Kuanzia barabara kuu mpaka kanisani ni mwendo," mzee alisema. "Na ng'ombe wa siku ile ni mbishi. Anza mazoezi mapema."

Joachim alipiga goti hapohapo kwenye mchanga, na shati lake lile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Kibwana aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamwambia Genoveva kwa sauti ya chini kwamba Wakristo wana mambo, lakini yeye kama ni ndiyo, basi ni ndiyo, na jibini lake libakishwe kidogo.

Genoveva alikuwa anamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa maneno machache, kwa kuwa yale mengi alikwisha kuyatumia jana. Joachim alisimama, akamgeukia, akaziweka zile ndevu kidevuni kwa mkono mmoja. Juu yazo macho yalikuwa yamejaa maji na yanacheka.

"Simama wima," Genoveva alimwambia.

Akaitwaa kanzu kwenye cherehani, akaipima mabegani mwake mbele ya watu wote. Iliishia juu ya vifundo vya miguu, maana Joachim alikuwa mrefu kuliko baba yake. Genoveva akarudi kukaa, akachukua wembe, akaanza kuufumua upindo alioushona jana.